Askofu wa Thelathini na Tisa

Kheiria binti Hamoud alikuwa ameshachapa habari za maaskofu thelathini na wanane, wote marehemu, na wa thelathini na tisa alikuwa bado yu hai, wakati mambo yalipoanza kuharibika.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Unguja, aliyetolewa kisiwani mwaka sitini na nne akiwa na miaka minne, akapitishwa Mombasa na Dubai mpaka mamake alipopata pa kutua Maskati. Sasa alikuwa na miaka arubaini na sita, na ofisi yake ndogo mtaa wa Hamriya, baina ya fundi cherehani na muuza simu. Humo mlikuwa na meza mbili, kompyuta moja, na mashine ya kutoa nakala iliyopaswa kupigwa ubavuni ndipo ifanye kazi. Watu walimjia awachapie maombi kwa Kiarabu: viza, vibali vya kazi, mikataba ya nyumba. Wahindi walikuja, Wabangali walikuja, na Watanzania waliofurahi kupata mtu wa kumweleza shida zao kwa Kiswahili.

Ustadh Yaqoob Hanna aliingia humo mara ya kwanza mwaka 2004, na hakuleta ombi lolote. Alileta mfuko wa ngozi uliojaa karatasi. Alikuwa Muiraki, mwalimu wa historia katika shule moja ya binafsi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kama anayepita mlango mfupi. Alikimbia kwao mwaka 1994, wakati wa njaa ya vikwazo, akaja na mkewe Maskati. Mke alifariki mwaka 2001, akazikwa kukuhuku. Mtoto hawakujaaliwa.

"Hizi ni habari za jimbo letu," alimwambia Kheiria siku ile, akizipanga karatasi mezani kwa uangalifu. "Mji wetu unaitwa Tell Sharra. Umekuwa na askofu tangu kabla ya Uislamu. Sisi ni Wakatoliki wa Kikaldayo, lakini zamani hatukuwa chini ya Roma. Kila askofu ameandikwa katika kitabu kimoja cha mkono, kwa Kisiria. Nami nakifasiri kwa Kiarabu."

"Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Kiko kwa askofu. Mimi nina nakala tu, niliitorosha ndani ya sanduku la nguo." Akatabasamu kidogo. "Askofu ni kaka yangu."

Basi kila Alkhamisi asubuhi, siku ambayo shule zilifungwa, Ustadh Yaqoob alikuja na kurasa tatu au nne, naye Kheiria akachapa. Mwanzoni ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Halafu akajikuta anazingojea Alkhamisi. Alikuwa akimsimulia mamake, Bi Nasriya, habari za maaskofu wale wakila chakula cha mchana, na Bi Nasriya akaanza kuwajua kama majirani.

Yule wa kumi na moja, Mar Sabrisho, kwani askofu kwao huitwa Mar, aliwaona Wamongolia wakija, akakimbilia milimani, na kitabu hakikumficha. Kilisema: alikimbia. Yule wa kumi na tisa aliuawa juu ya ngazi za kanisa lake. Wa ishirini na saba aliwazika watu wa tauni kwa mikono yake mpaka naye akazikwa. Wa thelathini na tatu ndiye aliyelipeleka jimbo upande wa Papa. Alikwenda mpaka Roma, akakaa miaka sita, akarudi na barua, akakuta nusu ya watu wake hawamtaki, akaishi nao hivyohivyo, akiwasalimia barabarani bila kujibiwa, hadi alipokufa. Kila habari iliishia kwa neno moja la mwisho juu ya namna mtu alivyoondoka duniani: alifia kitini, alifia ugenini, aliuawa, alikimbia. Waliokimbia walikuwa watatu tu katika miaka elfu moja na mia nne.

"Kali hiyo," alisema Kheiria siku moja. "Mtu amefanya mema maisha yake yote, halafu neno moja."

"Si langu," alijibu Ustadh Yaqoob. "Mimi siandiki ila kile ambacho shahidi amekiona. Watoto wangu darasani nawaambia hivyohivyo kila mwaka."

Ulipofika mwezi wa Oktoba mwaka 2006, Ustadh Yaqoob alianza kuja bila kurasa. Alikaa tu, simu mkononi. Kule kwao watu wenye silaha walikuwa wameanza kubandika makaratasi kwenye milango ya Wakristo: ondokeni. Padri mmoja alikuwa ameshauawa mji wa jirani. Familia za Tell Sharra zilikuwa mia tatu na ushee Pasaka iliyopita. Sasa zilibaki arubaini. Kila alipompigia kaka yake, Askofu Toma, jibu lilikuwa lilelile: askofu hatoki na watu wako ndani.

"Ana miaka sitini na minane," Ustadh Yaqoob alimwambia Kheiria. "Ana kisukari. Anakaa peke yake katika nyumba ya vyumba tisa, na kitabu kile, na paka. Nifanye nini mimi?"

Kheiria alijua la kufanya, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kila siku. "Mlete huku, Ustadh. Viza ya kuzuru. Ntaiandika mie, na ndugu yangu Majid atakuwa mdhamini."

Majid alikuwa kaka yake mdogo, mtumishi wa serikali, mwenye nyumba Mawaleh karibu na soko la mboga. Kheiria alikwenda kwake Ijumaa, akamkuta anapakua magunia ya vitunguu kutoka garini.

"Muiraki?" alisema Majid. "Askofu? Dada, unanitafutia nini? Maombi ya Wairaki sasa yanapita mikono mingi. Nikiulizwa huyu mtu namjuaje, nsemeje?"

"Sema unamjua kupitia kwangu."

"Na wewe unamjuaje?"

Kheiria alitaka kusema kwamba hajamwona hata siku moja. Akasema, "Majid, baba alibaki nyuma. Ungekuwa na mtu wa kumwandikia baba karatasi, usingemwandikia?"

Majid aliweka gunia chini. Yeye alizaliwa miezi miwili baada ya mapinduzi, hakumjua baba hata kwa sura. Habari aliyoijua ni ile aliyoihadithia Bi Nasriya: kwamba Hamoud aliwapakia mkewe na bintiye kwenye chombo cha watu, akasema atafuata kesho, kwa kuwa mamake mzazi alikuwa hawezi kutembea na hakuna wa kumbeba. Hiyo kesho haikufika. Nyumba ilionekana wazi, mlango umeng'olewa, na watu wawili wale hawakuonekana tena, wazima wala maiti.

"Lete nisaini," alisema Majid.

Maombi yaliingia ofisi ya uhamiaji mwezi wa Novemba. Yakakaa. Desemba wakatakiwa kuleta picha nyingine ya pasipoti, ya kwanza haikuonekana vizuri. Askofu hakuwa na mashine, ikabidi mtu aende nayo mji mwingine kwa njia ya hatari ili karatasi moja ipitishwe kwenye faksi. Januari wakatakiwa kueleza sababu ya safari. Kheiria alikaa mbele ya ile nafasi tupu muda mrefu, kisha akachapa: kumzuru ndugu. Kila wiki alikwenda dirishani kuuliza, akapanga foleni na wale wale aliowachapia maombi yao, na kila wiki askari kijana wa dirishani, ambaye alikuwa na adabu sana, alimwita khala, yaani mama mdogo, akamwambia bado, inshallah karibu.

Tell Sharra zilibaki familia ishirini. Zikabaki saba. Mwanzoni mwa Februari kombora lilianguka kwenye ua wa nyumba ya askofu, likamuua paka, likavunja vioo vyote, na familia zile saba zikaondoka siku moja, magodoro juu ya magari. Alibaki askofu, dereva wake Behnam, na bibi mmoja aitwaye Khala Shmuni, mwenye miaka tisini, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena na mpwa wake alikuwa hajapata gari la kumchukua.

Viza ilitoka Jumanne ya wiki ile ile. Kheiria aliishika mkononi, karatasi moja tu yenye muhuri, akakimbia nayo barabarani kama msichana. Ustadh Yaqoob alimpigia kaka yake palepale ofisini. Waliongea kwa Kisiria chao. Kheiria hakufahamu neno, lakini alifahamu sauti. Ilianza juu, ikashuka, ikawa ya kuomba, na mwisho ikanyamaza.

"Hataki," alisema Ustadh Yaqoob. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Anasema yupo Khala Shmuni."

"Nipe mie."

"Utamwambia nini?"

"Nipe simu, Ustadh."

Alimpa. Upande wa pili palikuwa na sauti ya mzee, nzito, inayohema, ikisema Kiarabu cha Mosul polepole ili afahamike.

"Sayyidna," alisema Kheiria, akitumia neno la heshima la maaskofu, "mie ndiye ninayechapa kitabu chenu. Nawajua wote mpaka wewe. Sina haki ya kukwambia kitu."

"Sema, binti yangu."

Akamsimulia habari ya babake, maneno yakimtoka kwa pupa, huku fundi cherehani akichungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Baba yako alibaki kwa ajili ya mamake," alisema askofu. "Basi alijua anambakia nani. Alikuwa mtu mwema."

"Na sisi je?" Sauti ya Kheiria ilipanda bila yeye kutaka. "Sisi tumemngoja miaka arubaini na mitatu, Sayyidna. Mamangu mpaka leo akisikia hodi anageuza shingo. Nyinyi mnaobaki mnajua mnambakia nani. Mnaowaacha wanangojea hawana hata kaburi la kwenda kulisafisha. Ndugu yako huyu hapa analia mbele yangu. Hana mke, hana mtoto, hana mtu mwingine chini ya jua. Yeye si katika watu wako?"

Upande wa pili alisikia kiti kikilia, mzee ameketi.

"Khala Shmuni akiondoka," alisema askofu hatimaye, "nitakuja. Siku arubaini tu. Pasaka nitakuwa nimerudi."

Alhamdulillahi walizozitoa siku ile zilisikika mpaka kwa muuza simu.

Khala Shmuni alichukuliwa na mpwa wake wiki ya kwanza ya Machi, akalazwa juu ya blanketi nyuma ya pikapu, akapelekwa milimani. Askofu akasema ataondoka Jumamosi asubuhi na Behnam: kwanza Erbil, huko apande ndege ya Dubai, na Dubai mpaka Seeb, uwanja wa ndege wa Maskati. Ustadh Yaqoob alinunua kitanda. Alinunua mashuka mapya, akayafua kabla hayajalaliwa, kwa kuwa kaka yake alikuwa hapendi harufu ya dukani. Bi Nasriya naye akauliza watu hao wanapofunga hula nini, akaambiwa hawali nyama wala maziwa.

"Basi ntampikia kunde za nazi," alisema, "na mkate wa kumimina. Maskini, atakuwa hajala chakula cha mtu mwezi mzima."

Jumamosi ile Ustadh Yaqoob alikuwa na vipindi vinne, na shuleni kwao simu zilizimwa. Alikuwa amempa Behnam nambari ya ofisi ya Kheiria, endapo kutatokea jambo. Saa tano ya asubuhi simu ililia. Kheiria alikuwa anamchapia Mpakistani mmoja mkataba wa duka. Akanyanyua huku anacheka, akidhani ni salamu ya kutoka uwanja wa ndege.

"Wamemchukua." Ilikuwa sauti ya mtu anayelia kwa kukimbia. "Wamemchukua Sayyidna. Darajani, daraja la kwanza tu, hatukupata hata robo saa toka mjini. Walikuwa wanatungoja. Mimi wamenipiga wakanitupa mtaroni. Alikuwa ameshika begi. Aliniambia, Behnam, usiwabishie. Mwambie Ustadh. Mwambie..." Simu ikakatika.

Mpakistani akamuuliza, sista, kuna nini. Kheiria alinyanyuka, akatoka, akaacha ofisi wazi na mtu ndani. Akapanda teksi mpaka shuleni. Mlinzi alimruhusu kwa kumwona uso. Alisimama kwenye ukumbi mrefu, mbele ya mlango wenye kioo, akamwona Ustadh Yaqoob ubaoni anaandika tarehe za Waabbasi. Hakubisha hodi. Hakuweza. Alisimama tu, mpaka mwalimu akageuka kuwaelekea wanafunzi, macho yake yakaangukia kioo. Aliweka chaki juu ya meza, polepole, akaipangusa mikono, akatoka.

"Yu hai?" aliuliza.

"Wamemchukua. Sijui zaidi."

Hakumwambia la darajani. Hakumwambia la robo saa. Wakati ule hakuona tofauti yake.

Siku nane zilipita. Ustadh Yaqoob hakwenda kazini. Alikaa kwenye kile kitanda kipya, akipiga nambari ya kaka yake kila nusu saa. Kheiria alikwenda kila alasiri, pamoja na mamake ili watu wasipate la kusema, na Bi Nasriya akalazimisha chakula kiliwe. Simu ya askofu ililia bila kupokewa. Siku ya nne ilipokewa. Ustadh Yaqoob aliruka wima. "Toma? Toma?" Upande wa pili palikuwa na mtu. Walimsikia anapumua. Ustadh akasihi kwa Kiarabu, akasema ni mzee, ana kisukari, dawa zake zimo kwenye begi, mpeni dawa zake tu, semeni mnataka nini. Yule mtu alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akaizima.

"Alisikiliza," Ustadh Yaqoob aliendelea kusema siku ile. "Mbona alisikiliza?"

Hakuna aliyetaka kitu. Hakuna aliyepiga. Siku ya tisa mchungaji wa kondoo aliukuta mwili shambani, kando ya barabara. Alizikwa mji wa jirani na padri mmoja na watu sita, upesiupesi, kabla ya adhuhuri. Kitabu kile cha mkono hakikuonekana. Begi pia halikuonekana.

Baada ya hapo Ustadh Yaqoob hakuja tena Hamriya. Alirudi kazini, akafundisha, akaenda kanisani Ruwi siku za Ijumaa, akakaa katikati ya Wahindi na Wafilipino na kusali misa isiyokuwa ya kwao. Kheiria alimpigia mara mbili, akajibiwa kwa adabu, kwa maneno machache. Mara ya tatu hakupiga.

Yeye mwenyewe alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Alijaribu kumweleza mamake.

"Mie ndiye niliyemtia njiani," alisema. "Alikuwa amekaa nyumbani kwake. Kombora lilimkosa. Mie na karatasi yangu ndio tuliomtoa."

"Humkuua wewe, mwanangu. Waliomuua wanajulikana na Mungu."

"Nilimwambia habari ya baba. Nilimlazimisha kwa baba."

Bi Nasriya aliuacha uzi aliokuwa akifumia kofia. "Na mie nilikwambia umwambie atoke," alisema. "Nilikwambia kila siku. Tena nnajua kwa nini. Sikuwa nikimwambia yeye, nilikuwa nikimwambia baba yako." Akashika uzi wake tena, lakini hakufuma.

Juni kilipiga kimbunga kile kilichoingiza maji katikati ya mji. Hamriya yote ikawa tope. Siku ya tatu, barabara zilipopitika, Kheiria alikuwa ofisini na suruali aliyoikunja mpaka magotini chini ya baibui, anasukuma maji nje kwa ufagio, kompyuta imekufa, mashine ya nakala imejaa mchanga. Akasikia mtu amesimama mlangoni. Ustadh Yaqoob alikuwa na tope mpaka kiunoni. Alikuwa ametembea kwa miguu tokea Wadi Adai.

"Karatasi," alisema. "Zilikuwa hapa. Kitabu kimepotea, nakala yangu niliiacha kwako, nimeisahau kwako miezi yote hii..."

"Ziko nyumbani, Ustadh. Nilizihamisha tangu Aprili. Ziko kabatini kwa mamangu, juu, pakavu. Na zile nilizochapa nimezitia kwenye diski."

Mwanamume yule aliketi juu ya kiti kilichorowa na kulia kwa sauti kama mtoto. Kheiria alisimama na ufagio wake. Hakujua aende wapi, akaendelea kusukuma maji.

Alipotulia, Ustadh Yaqoob alisema, "Nataka tumalize. Niandikie la mwisho. Nitasema, wewe andika kwa mkono." Akatoa karatasi mfukoni, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki. "Behnam amenipigia wiki iliyopita kutoka Damasko. Miezi mitatu sikuweza kumpata. Ameniambia jambo, Kheiria, jambo ambalo limenirudishia pumzi. Alikuwa anarudi. Walikuwa wamefika nusu ya njia ya Erbil, Toma akamwambia geuza gari, siwezi. Wakageuza. Walimchukua anarudi mjini kwake." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Andika: Mar Toma, wa thelathini na tisa, aliuawa akirudi kwa watu wake."

Kheiria alikuwa ameshashika kalamu. Aliandika Mar Toma. Akaandika wa thelathini na tisa. Hapo mkono ulisita.

Angaliweza kuandika. Nani angalijua? Angejipatia na yeye nafuu, kwani mtu aliyegeuza gari kwa hiari yake hakuuawa na karatasi ya viza. Alilitaka neno lile kwa njaa aliyoishangaa. Aliona sura ya Ustadh ilivyokuwa imefunguka, mara ya kwanza tangu Machi, akajiambia mwache nalo, mwache maskini.

"Ustadh," alisema, "Behnam alinipigia siku ile ile. Saa tano. Ulikuwa darasani."

"Najua."

"Aliniambia ni darajani. Daraja la kwanza, robo saa haijafika. Walikuwa wanakwenda. Hawakuwa wakirudi."

Nje kulikuwa na kelele za majirani wakitupa mazulia barabarani. Ustadh Yaqoob alimtazama kama mtu ambaye hajasikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Halafu niliogopa. Mie ndiye niliyemtoa."

"Miezi mitatu!"

"Ndiyo."

Alisimama kwa ghadhabu, kiti kikaanguka kwenye maji. Alikwenda mpaka mlangoni. Kheiria alidhani anaondoka na hatarudi, na aliona ni haki yake. Lakini alibaki pale kizingitini, mgongo ameupa ndani, akazungumza akitazama barabara.

"Shahidi mmoja, maneno mawili. Moja la siku ile ile, jingine la miezi mitatu baadaye, lenye kumliwaza mfiwa. Lipi la kuandikwa? Miaka kumi na mitatu nawauliza watoto swali hili, na anayekosea nampunguzia alama." Akacheka, kicheko kibaya. "Basi andika. Neno lipo, limeandikwa mara tatu. Alikimbia. Mwandike kaka yangu wa nne."

"Siandiki hilo."

"Ndivyo lilivyotokea!"

"Sivyo lilivyotokea!" Kheiria aliutupa ufagio. "Sabrisho aliwaacha watu mjini. Nimemchapa kwa mkono wangu, namjua. Kaka yako alimwacha nani? Walitoka mia tatu, yupo. Walitoka arubaini, yupo. Walitoka wale saba, alikaa kwenye nyumba isiyokuwa na vioo kwa ajili ya kikongwe mmoja. Alipotoka, ndani hamkuwa na mtu hata mmoja, Ustadh. Mji mtupu. Hilo nalo lina shahidi. Mpwa wake Khala Shmuni yu hai. Muulize."

Ustadh Yaqoob aligeuka. Alirudi ndani akakiokota kiti majini.

"Andika," alisema. Sauti ilikuwa haina nguvu. "Alitoka mjini nyuma ya mtu wake wa mwisho. Aliuawa njiani."

Kheiria aliandika. Ustadh Yaqoob aliichukua ile karatasi, akaisoma, akairudisha ndani ya plastiki. Haikuonekana kama imemliwaza. Alisaidia kutoa tope mpaka alasiri, kisha akaenda zake.

Askofu wa arubaini hakupatikana. Mwaka uliofuata ilikuja habari kwamba Tell Sharra imeunganishwa na jimbo la jirani, kwa kuwa hapakuwa na watu wa kuongozwa. Ustadh Yaqoob aliichukua habari hiyo kwa utulivu kuliko Kheiria alivyotegemea. Aliongeza mstari mmoja chini ya kaka yake, akafunga kazi. Kitabu kilichapishwa Beirut, nakala mia mbili. Mwaka 2009 alihamia Uswidi, kwa binamu zake, mahali ambapo palikuwa na watu wa Tell Sharra wengi kuliko Tell Sharra yenyewe. Walikuwa na kanisa la kupanga, na walimtaka awe shemasi wao.

Kheiria na Majid walimpeleka uwanja wa ndege. Majid alikwenda kutafuta kigari cha mizigo, wakabaki wawili.

"Bado unachapa viza?" aliuliza Ustadh Yaqoob.

"Kila siku."

"Usiache."

Kheiria alitazama chini. "Nnakwambia kweli, Ustadh. Kama karatasi zile zingeletwa tena leo, na yule mzee yuko kwenye simu, ningemwambia maneno yale yale. Nimejaribu kujibadilisha nimeshindwa. Hilo ndilo linalonitisha."

Majid alikuja na kigari. Walipakia masanduku mawili na ule mfuko wa ngozi, na Ustadh akaupokonya mfuko akaushika mwenyewe, akaingia ndani na wasafiri wengine.

Njia ya kurudi Majid aliendesha bila kufungua redio. Walipofika karibu na Mawaleh akauliza kama dada yake anataka kupita nyumbani, apumzike kidogo, wali uko tayari. Kheiria alisema hapana, ampeleke Hamriya. Kulikuwa na mtu kutoka Kigoma aliyeahidiwa ombi lake leo, anataka kumleta mkewe.